Kunguru Wawili: Tuwajue Kabla ya Kuwapiga Vita



Katika vikundi vinavyofuga kuku wa kienyeji huko Pwani, malalamiko juu ya kunguru hayaishi. Mama anafungulia kuku wake na vifaranga kumi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumapili anahesabu sita. Basi siku ya mkutano mtu mmoja anasimama na kusema, "Tununue dawa, tuitie kwenye nyama, tumalize hii kazi mara moja." Wengi wanakubali kwa sababu wamechoka.

Uchungu wa watu hawa tunauelewa. Kifaranga ni karo ya shule, ni sabuni, ni mchango wa mwezi katika kikundi. Lakini kabla ya kupitisha uamuzi wa namna hiyo, kikundi lazima kijiulize maswali matatu. Ni kunguru yupi tunayemsema? Hali yake ikoje, hapa kwetu na duniani? Na hiyo dawa tutakayoweka, nani mwingine ataila?

Makala hii inaeleza habari za kunguru wawili ambao watu wengi wanawachanganya. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani. Mwingine ni mgeni aliyeletwa kutoka Bara Hindi. Wanafanana kwa mbali, lakini kumtendea mmoja kwa makosa ya mwenzake ni dhuluma, na pia ni hasara kwetu sisi wenyewe.

UKOO MMOJA, NDUGU WAWILI

Wataalamu wa ndege humpa kila ndege jina lenye maneno mawili. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Kunguru hawa wawili wana jina moja la ukoo, yaani Corvus. Kunguru wetu wa Afrika anaitwa Corvus albus, na hilo neno albus maana yake ni "nyeupe". Kunguru wa Bara Hindi anaitwa Corvus splendens, maana yake "mwenye kung'aa".

Kwa hivyo hawa ni ndugu. Wote wawili wana akili nyingi, wanakula karibu kila kitu, na hawaogopi kukaa karibu na binadamu. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Na hata Biblia inamtaja kunguru mara kadhaa. Nuhu alimtoa kunguru katika safina kabla ya kumtoa njiwa, na nabii Eliya alilishwa na kunguru kule kwenye kijito cha Kerithi. Kunguru, basi, si ndege wa shetani kama wengine wanavyofikiri. Ni kiumbe chenye kazi yake. Matatizo huanza pale kiumbe kinapoondolewa mahali pake na kupelekwa mahali pengine bila kufikiria matokeo.

MWENYEJI: KUNGURU WA KIFUA CHEUPE

Kunguru wa kifua cheupe anapatikana karibu kila mahali Afrika, kutoka kusini mwa Sahara mpaka Afrika Kusini, na pia Madagaska na Komoro. Hapa Kenya tunamwona Nakuru, Machakos, Nairobi, na katika miji na mashamba mengi ya bara. Urefu wake ni kama sentimita 46 hadi 50 kutoka mdomo hadi mkia. Mwili ni mweusi unaong'aa, lakini kifua ni cheupe kabisa, na weupe huo unazunguka mpaka nyuma ya shingo kama mtu aliyevaa fulana nyeupe ndani ya koti jeusi.

Kunguru huyu hujenga kiota chake juu ya mti mrefu au hata juu ya nguzo ya stima. Kwa kawaida dume na jike hujenga peke yao, mbali na jozi nyingine. Chakula chake ni wadudu, panzi, kumbikumbi, panya wadogo, mizoga, nafaka, matunda na mabaki ya jikoni. Mkulima anapolima, kunguru huyu hufuata nyuma akiokota mabuu ambayo yangekula mizizi ya mahindi.

Tuseme ukweli lakini: naye pia huiba. Akipata yai au kifaranga kisichokuwa na ulinzi, hatakiacha. Lakini kwa kuwa hukaa wawili wawili au makundi ya kiasi, na kwa kuwa wamekuwa na ndege wengine wa Afrika kwa maelfu ya miaka, madhara yake yana mpaka. Ndege wadogo wa hapa wamezoea kuishi naye. Kuna hata ndege mmoja wa jamii ya kekeo ambaye hutaga mayai yake katika kiota cha kunguru huyu, na kunguru akalea mtoto asiye wake. Namna hiyo maumbile yenyewe humpunguza.

MGENI: KUNGURU WA BARA HINDI

Kunguru wa pili wengine humwita kurabu. Kwao ni India, Pakistan, Nepal, Bangladesh, Sri Lanka na nchi za jirani. Ni mdogo kidogo kuliko yule wa kwanza, kama sentimita 40 hivi. Hana weupe popote. Uso, mabawa na mkia ni meusi, na shingo pamoja na kifua ni rangi ya kijivu kama majivu ya jikoni.

Alifikaje huku? Katika miaka ya 1890 watawala Waingereza walimleta Unguja kwa makusudi, ili asaidie kula takataka za mji. Wazo lilionekana zuri: badala ya kulipa wafanyakazi wa kuzoa taka, ndege watafanya kazi hiyo bure. Lakini kunguru hakusoma mkataba. Alikula taka, kisha akala mayai ya ndege wengine, akala vifaranga, akaongezeka, akavuka bahari. Hapa kwetu alionekana Mombasa mwaka 1947. Baadaye akaenea Pwani nzima. Tena hata pasipo kuletwa kwa makusudi, ndege huyu hupanda meli bandarini na kusafiri kama abiria asiyelipa nauli, na ndiyo njia aliyofikia bandari nyingi za dunia.

Miaka ya karibuni ameonekana mbali na bahari pia, akifuata barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, sehemu za Voi na Mtito Andei. Anafuata vibanda vya chakula, vituo vya magari na majalala. Hili ni jambo la kuzingatia kwa ndugu zetu wa Makueni, Machakos na Nairobi wanaosoma gazeti hili na kufikiri kwamba hayo ni mambo ya watu wa Pwani.

KWA NINI MGENI AMEMSHINDA MWENYEJI?

Tunao msemo usemao "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa habari ya kunguru mambo yamekwenda kinyume: mgeni alikuja, na mwenyeji akafukuzwa. Katika miji ya Pwani ambako kurabu ni wengi, kunguru wa kifua cheupe amekuwa haba. Wazee wa Mombasa na wa Unguja wanaweza kuwaeleza vijana jinsi ilivyokuwa. Sababu ni hizi:

(a) Kurabu hutegemea binadamu kwa chakula. Haonekani kuishi mbali na watu. Mahali penye jalala wazi, machinjio yasiyofunikwa, au mabaki ya samaki yaliyotupwa ufuoni, hapo amepata ghala. Kadiri takataka zinavyoongezeka, ndivyo naye anavyozidi kuongezeka.

(b) Wanakaa na kushambulia kwa makundi. Kunguru wa kifua cheupe akija mahali penye chakula, kurabu kumi wanamzunguka na kumfukuza. Ni hivyo hivyo kwa mwewe na bundi.

(c) Huku hana adui wa kutosha. Kule India kuna ndege aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake katika kiota cha kurabu na hivyo kupunguza watoto wake. Sisi hatuna koeli. Mgeni alikuja bila mdhibiti wake.

(d) Anajifunza haraka. Akiona wenzake wamekufa mahali fulani, wale waliobaki huacha kula hapo. Ndiyo sababu watu wanasema ati kunguru wana uchawi. Si uchawi, ni akili.

Madhara hayaishii kwa kunguru mwenzake. Kurabu hula mayai na makinda ya kwera, chozi na ndege wengine wadogo. Ndege hawa wadogo ndio wanaokula viwavi katika mboga zetu na kuchavusha maua. Tena kurabu hushuka kutoka kwenye jalala na kinyesi cha machinjioni, halafu anatua kwenye chombo cha maji ya kuku. Watafiti katika nchi mbalimbali wamekuta kunguru hawa wamebeba vidudu vya magonjwa ya tumbo, na pia vya kideri, ule ugonjwa unaopindua shingo ya kuku na kumaliza boma zima.

JINSI YA KUWATOFAUTISHA

Mwanakikundi yeyote, hata mtoto wa darasa la tatu, anaweza kuwatofautisha akiangalia mambo manne:

1. Kifua. Cheupe kabisa ni mwenyeji. Kijivu ni mgeni.

2. Ukubwa. Mwenyeji ni mkubwa na mpana wa mabawa. Mgeni ni mwembamba zaidi.

3. Sauti. Mwenyeji ana sauti nzito ya kukwaruza. Mgeni ana sauti nyembamba zaidi, na hupiga kelele mfululizo kuanzia alfajiri.

4. Viota. Mwenyeji ni jozi moja juu ya mti wao. Wageni mara nyingi hujenga viota vingi karibu karibu, katika miembe na miarobaini iliyo kati ya nyumba, na huchanganya vijiti na vipande vya waya.

Angalizo: Kenya kuna jamaa wengine wa kunguru. Yuko mweusi mwili mzima, anayeonekana sana katika mashamba na mbuga za nyanda za juu. Yuko pia mkubwa wa milimani mwenye mdomo mnene na doa jeupe nyuma ya shingo tu, kifua chake kikiwa cheusi. Hao nao ni wenyeji. Kwa hivyo tusitumie kanuni ya "asiye na weupe ni mgeni". Kanuni ni: mgeni ana shingo na kifua cha kijivu.

ORODHA YA DUNIA INASEMAJE?

Kuna Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, linalojulikana kama IUCN. Tangu mwaka 1964 shirika hili huweka orodha iitwayo Orodha Nyekundu, inayoonyesha kila kiumbe kiko katika hali gani. Tunaweza kuilinganisha na daktari anayepanga wagonjwa hospitalini: huyu apelekwe chumba cha mahututi, huyu alazwe, huyu arudi nyumbani. Madaraja yake makuu ni saba:

– Imetoweka kabisa.
– Imetoweka porini, imebaki kwenye vizimba tu.
– Iko hatarini mno.
– Iko hatarini.
– Imeanza kuingia hatarini.
– Iko karibu na hatari.
– Haina tatizo kubwa kwa sasa.

Tuchukue mifano ili madaraja haya yaeleweke. Katika visiwa vya Hawaii, Marekani, kuna kunguru aitwaye ʻalalā. Wawili wa mwisho porini walionekana mwaka 2002. Tangu hapo aina hiyo ikabaki katika vizimba vya kuzalishia, kama ndege mia moja na kidogo. Kuanzia mwaka 2016 baadhi yao walijaribiwa kurudishwa msituni, lakini wengi walikufa, na waliobaki wakakamatwa tena na kurudishwa vizimbani mwaka 2020. Mwaka 2024 jaribio jingine lilianza katika kisiwa cha Maui kwa ndege watano tu. Kumbe hata kunguru, ambaye sisi tunadhani hawezi kwisha, anaweza kwisha.

Mfano wa nyumbani ni kwera wa Clarke, ndege mdogo wa njano na mweusi. Ulimwengu mzima anapatikana katika Kaunti ya Kilifi peke yake, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na sehemu za Dakatcha. Huyu yuko katika daraja la "iko hatarini". Akiisha Kilifi, ameisha duniani.

Sasa kunguru wetu wawili je? Wote wawili wako katika daraja la mwisho, la "haina tatizo kubwa kwa sasa". Hapo ndipo watu wengi wanapotatanika. Mmoja atasema, "Ikiwa kurabu yuko daraja moja na kunguru wetu, mbona mnasema huyu ni mbaya na yule ni mwema?" Mwingine atasema, "Kama kunguru wa kifua cheupe hana tatizo, ya nini kumhurumia?"

Jibu ni kwamba orodha hii inajibu swali moja tu: je, aina hii iko karibu kutoweka duniani? Haijibu swali la pili: je, aina hii inadhuru wengine? Kurabu hayuko hatarini, lakini yeye mwenyewe anawatia wengine hatarini. Mtu anaweza kuwa na afya njema na bado akawa mwizi.

Tena orodha inahesabu dunia nzima, haihesabu kijiji chako. Kunguru wa kifua cheupe ni wengi wakihesabiwa kutoka Senegali mpaka Afrika Kusini. Lakini katika mtaa mmoja wa Mombasa anaweza kuwa amekwisha kabisa, na daraja lake la dunia lisibadilike hata kidogo. Ni kama kusema Kenya ina chakula cha kutosha mwaka huu huku ghala la jirani yako ni tupu. Kwa hivyo pamoja na orodha ya dunia, kila mahali panahitaji watu wanaojua hesabu ya pale. Na watu hao ni nani kama si sisi tunaoishi hapo?

YALIYOJARIBIWA NA WENGINE

Nchi jirani na sisi wenyewe tumekwisha kujaribu njia mbalimbali, na yapo mafunzo.

Katika miaka ya 1990 Unguja walipunguza kurabu kwa mitego na kwa sumu maalumu, na idadi ikashuka sana. Kazi ilipokoma, ndege walirudi kuongezeka. Dar es Salaam nao, katika miaka ya 2010, walifanya mradi wa mitego na sumu hiyo. Fundisho: kazi ya miaka miwili ikiachwa katikati ni sawa na kung'oa magugu bila mizizi.

Kisiwa cha Sokotra, Yemeni, kilifanikiwa. Kurabu walipofika huko walikuwa bado wachache. Watoto wa kisiwani walipewa zawadi kwa kutoa makinda kutoka viotani, na wale waliobaki wakaondolewa, hata kufikia mwaka 2009 hakukuwa na kurabu tena. Fundisho: ukianza mapema, wakiwa wachache, unaweza kushinda. Hili ni neno kwa sehemu za bara ambako ndio kwanza anafika.

Hapa Kenya, mwezi wa Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kurabu milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Njia zilizotajwa ni pamoja na sumu maalumu ya ndege iliyopewa kibali. Sumu hiyo haiui papo hapo. Hufanya kazi polepole, na lazima iwekwe na watu waliofunzwa, baada ya kuwazoesha ndege kula nyama isiyo na kitu mahali pamoja, huku wakiangalia ni ndege gani wanaokuja kula. Si kitu cha kununua dukani na kumwaga uani.

SUMU YA KUJITENGENEZEA NI HATARI KWA WOTE

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Dawa ya wadudu wa shambani au sumu ya panya iliyopakwa kwenye nyama haina macho. Haimchagui kurabu. Itakula kunguru wa kifua cheupe, mbwa wa jirani, paka, kuku wenyewe, na mtoto mdogo anayeokota kila kitu na kutia mdomoni.

Halafu kuna tumbusi, wale tai wa mizoga. Wao hula wanyama waliokufa na kuzuia magonjwa kuenea. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika waliopo hapa Kenya, kama tumbusi mgongo-mweupe, ziliingizwa katika daraja la "iko hatarini mno". Sumu ni mojawapo ya sababu kubwa. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuua tumbusi wengi kwa siku moja, kwa sababu hula pamoja, na kila jozi hulea kinda mmoja tu kwa msimu. Kwa hivyo mtu aliyetaka kumwua ndege ambaye hana hatari yoyote ya kutoweka, anaishia kumwua yule anayekaribia kutoweka. Tena akishika dawa hiyo kwa mikono mitupu, anajiua mwenyewe polepole.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kitambue na kuhesabu. Chagueni watu wawili wenye macho mazuri. Mara moja kwa mwezi, asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, wasimame mahali pale pale na kuandika katika daftari: kifua cheupe wangapi, kijivu wangapi. Baada ya mwaka mtakuwa na ushahidi wa kumpelekea chifu na afisa wa KWS, badala ya maneno matupu.

2. Kilinde vifaranga. Hii ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa pesa. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 15, kila mmoja ana kuku wawili waliototoa vifaranga 10 kila kuku. Hao ni vifaranga 300. Kunguru akichukua vitatu kwa kila kuku, ni vifaranga 90 vimepotea. Pigeni hesabu hiyo kwa bei ya soko lenu, mtaona hasara. Sasa, vifaranga vikifunikwa kwa tenga au kuwekwa katika kizimba chenye wavu juu kwa majuma manne ya kwanza, hasara hiyo inapungua sana. Huko Pwani nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa kabisa. Maji na chakula viwe ndani ya kizimba, ili kunguru asiviguse.

3. Kiondoe takataka. Kurabu aliletwa kwa sababu ya takataka, na anaishi kwa sababu ya takataka. Mabaki ya jikoni yatiwe kwenye shimo la mboji na kufunikwa kwa udongo au majani. Matumbo ya samaki na ya kuku yazikwe siku hiyo hiyo. Kamati ya soko iombe pipa lenye kifuniko. Hata ukiua kurabu mia, jalala likibaki wazi litawaita mia wengine.

4. Kishughulikie viota kwa utaratibu. Kiota kikitolewa kabla ya makinda kuruka, idadi haiongezeki. Lakini kwanza hakikisheni ni cha kijivu, zungumzeni na ofisi ya KWS iliyo karibu, na msiwapandishe watoto juu ya miti mirefu.

5. Kiulize habari za mtego. Mtego wa kizimba kikubwa cha waya una faida moja juu ya sumu. Ndege huingia kwa juu akifuata chakula na hawezi kutoka. Mwenye mtego akiangalia kila siku, anamwachilia mwenye kifua cheupe na kubaki na wa kijivu. Mtego kama huu uwekwe kwa kibali na maelekezo ya KWS.

6. Cha bara kitoe taarifa mapema. Ukiona kunguru wa kifua cha kijivu mahali ambapo hajawahi kuonekana, mwambie afisa wa KWS, au chifu akufikishie habari. Ndege wawili leo wanaweza kuzuiwa. Baada ya miaka kumi watakuwa kijiji.

NENO LA MWISHO

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu, si kwa ajili ya matumizi yetu tu. Hata kurabu hakufanya dhambi kuja huku, aliletwa na watu waliotaka njia ya mkato ya kusafisha mji. Sasa na sisi tusitafute njia ya mkato ya kumwondoa. Kumpunguza ni lazima, lakini iwe kwa kujua tunamwondoa nani, tukimwacha nani, na tukiwa tumefunika jalala letu kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu tunao kunguru gani? Wazee wanakumbuka nini juu ya wale wa zamani?

2. Mwezi uliopita tulipoteza vifaranga wangapi? Wangapi walichukuliwa na kunguru, wangapi na mwewe, na wangapi walikufa kwa ugonjwa?

3. Takataka za soko letu, machinjio yetu na nyumba zetu zinakwenda wapi?

4. Je, kuna mtu anayetumia dawa ya shambani kuua ndege au wanyama? Tutazungumza naye vipi kwa upendo kabla ajali haijatokea?

5. Nani watakuwa wahesabu wetu, na tutaanza lini?